Anti: Ndugu Siku ya Kazi, Mgeni Siku ya Mshahara

Kwenye arusi moja huko Bombo, mji wa Wanubi ulio kama kilomita 35 kaskazini mwa Kampala, shangazi yangu alimshika bega msichana aliyekuwa akipitisha sinia la kisra, akamwambia mgeni aliyekaa jirani yangu: "Huyu ni binti yangu. Nimemlea kwa mikono hii." Mgeni akamsifu. Msichana akatabasamu, macho chini, akaendelea na sinia lake. Hazikupita dakika mbili, sauti ile ile ya shangazi ikapasua ua: "We! Nani kakwambia ukae? Maji ya kunawa yako wapi?" Mabinti wawili aliowazaa mwenyewe walikuwa mkekani, miguu wameinyoosha, wanapakwa hina.

Mpwa wangu, ambaye ni wakili na bado ana moto wa ujana, akaninong'oneza: "Mjomba, yule anatakiwa kuwa na mkataba." Bahati mbaya shangazi ana masikio ya popo. "Mkataba wa nini?" akauliza. "Wewe umesoma mpaka umepotea. Mtu huandikiana mkataba na mwanawe?" Pilau likaletwa, mjadala ukafia hapo. Mimi nimebaki nao tangu siku ile, kwa sababu nyumbani kwangu pia kuna msichana wa kazi, na kwa sababu kila nikitaka kumpa mmoja wao ushindi naona mwenzake naye ana neno.

Nianze na majina, maana ndipo hila ilipojificha. Kwa Kiganda ni omukozi, mfanyakazi, basi. Akina mama wakiteta kibarazani ni hausigeli. Akiwa mwanamume ni boi, hata awe na wajukuu, na akiwa wa bustanini ni shambaboi, neno lenye mguu mmoja katika Kiswahili na mwingine katika Kiingereza. Vitabu vyetu vya zamani vina mtumishi na yaya, na nyuma yao kabisa amesimama kijakazi. Watoto wa Kampala wao humwita Anti. Ni neno tamu, na kwa utamu wake linafanya kazi ya ajabu: linampa mtu udugu huku likimnyang'anya jina. Anti akiondoka Januari, Februari anakuja Anti mwingine, na mtoto hahitaji kujifunza neno jipya.

Kiswahili chenyewe hapa kwetu kina aibu yake katika jambo hili. Waganda wengi wa umri wangu walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, au kikisemwa na bwana wa Kizungu au wa Kihindi akimwamrisha mpishi: leta, toa, pika, funga mlango. Lugha nzima imebanwa ndani ya vitenzi vya kuagiza. Katiba ilirekebishwa 2005 ikakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kianze kutumika kweli kweli. Hata hivyo kila muhula darasani kwangu hakosi mwanafunzi wa kuniuliza kama kuna njia ya kusema "tafadhali" kwa Kiswahili. Ipo, namwambia. Ila wengi waliokitumia jikoni hawakuihitaji.

Sasa niseme upande wa shangazi, na niuseme vizuri, maana watu wa mikataba huupita haraka. Utumishi ndani ya nyumba ya mwingine haukuletwa na Wazungu, wala haukuwa unyonge mtupu. Katika ikulu ya Kabaka, machifu walipeleka vijana wao wakawe abagalagala, watumishi wa ndani wa mfalme. Kijana alibeba ujumbe, alilinda mlango, alihudumu barazani, na huku akitumwa alikuwa akisomeshwa utawala, kwa maana huko huko ndiko walikotoka machifu wa kesho. Kutumika kulikuwa ni kulelewa. Tena watumishi mashuhuri kuliko wote katika historia ya nchi hii ni hao hao. Kila tarehe 3 Juni, serikali na raia huenda Namugongo kuwakumbuka mashahidi waliochomwa 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, na sehemu kubwa yao walikuwa vijana wa ikulu. Charles Lwanga, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 1964, alikuwa msimamizi wao. Karibu miaka 10 kabla yao, vijana Waislamu wa ikulu hiyo hiyo waliuawa chini ya Muteesa I kwa kukataa nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu.

Lakini historia hiyo ina ncha mbili. Aliyekulea ndiye aliyemiliki hata koo lako, na "hapana" ya mtumishi ilijibiwa kwa moto. Halafu wapo abazaana, wajakazi wa ikulu hiyo hiyo, ambao hawakupanda ngazi ya kuwa machifu. Wao hawana sikukuu.

Shangazi, akibanwa, hukimbilia dini, na hapo pia ana hoja nzito. Anas bin Malik alipelekwa na mama yake kwa Mtume akiwa mtoto wa miaka 10 hivi, akamtumikia miaka 10, na ni yeye aliyesimulia kwamba katika muda wote huo hakuambiwa hata "ah!", wala hakuulizwa kwa nini alifanya hili au kwa nini hakufanya lile. Ipo pia hadithi inayosema watumishi ni ndugu zenu, walisheni mnachokula na muwavishe mnachovaa. Hakuna mkataba wa Kampala uliofika huko. Mimi nilimuuliza shangazi swali moja tu: tumejuaje habari hizo za Anas? Tumezijua kwa sababu Anas alisema. Zaidi ya hadithi 2,000 zimepokewa kwake. Mtumishi ndiye aliyekuwa msimulizi, na umma mzima umekaa chini kumsikiliza. Msichana wa shangazi angeulizwa asimulie miaka yake mle ndani, nani angekaa chini?

Fasihi yetu ya zamani haikumpa nafasi hiyo. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa 1858, anamuusia bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, wasije wakamvuta mahali pabaya. Ni ushauri wa mama anayempenda mwanawe, nami nausoma kwa heshima. Lakini katika beti zile mtumwa ni hatari ya kukwepwa. Hatuoni uso wake. Katika Alfu Lela Ulela tunauona kidogo zaidi: bila kijakazi Morgiana, Ali Baba angechinjwa na wezi 40 usiku wa kwanza. Yeye ndiye mwenye akili katika nyumba nzima. Na malipo yake? Anaolewa ndani ya familia. Shangazi angeshangilia. Mpwa wangu angeuliza kama aliulizwa.

Mambo yalibadilika pale waandishi wa Kiafrika walipogundua kwamba mtumishi ndiye jicho la nyumba. Anafua shuka, anamwaga taka, anajua nani amelala wapi na nani hakulala. Ferdinand Oyono wa Kameruni alilijenga juu ya wazo hilo kitabu chake cha 1956, ambacho Waswahili wamekisoma kwa jina la Boi. Toundi, boi wa Komandanti wa Kifaransa, anaweka shajara. Anajua kwamba mke wa Komandanti anatembea na mkuu wa gereza. Hamwambii mtu. Kosa lake ni kwamba wanajua kuwa anajua, na kwa kosa hilo anapigwa mpaka anakimbia nchi na kufa.

Hapa Uganda tunaye John Ruganda. Tamthilia yake Black Mamba, iliyochapishwa 1973 kwa Kiingereza, ingefaa kusomwa na kila anayedhani watumishi ni malaika au ni mashetani. Berewa ni boi wa profesa wa Kizungu aitwaye Coarx. Profesa ana njaa ya wanawake na ana pesa. Berewa anaona fursa: anamleta mjini mke wake mwenyewe, Namuddu, alale na bwana mkubwa kwa malipo, huku profesa hajui kwamba huyo ni mke wa mpishi wake. Ukumbi unacheka, nami pia hucheka, kisha kicheko kinakwama kooni. Berewa amepiga hesabu. Amefahamu kwamba mshahara wa boi hautamtoa, na kwamba kitu pekee katika maisha yake ambacho bwana anakithamini ni mwili wa Namuddu. Wahenga walisema mtumikie kafiri upate mradi wako. Berewa ameifuata methali hadi mwisho wake mchafu. Ruganda hamwonei huruma wala hamtii kitanzi. Anachokikataa ni kile tunachokipenda sisi tunaoajiri: kuamini kwamba mtu anayetupikia hana mpango wake kichwani.

Kitabu ninachokisomesha kwa raha zaidi ni Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, cha 2012, na ninakigombeza pia. Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora. Imani anafanya kazi kwa Mwalimu Majisifu, mlevi mwenye jina la uandishi, anayewaonea haya watoto wake wenye ulemavu. Imani ndiye anayewapenda watoto hao, anawaogesha, anacheza nao. Walibora ameliona jambo ambalo takwimu haziwezi kuliona, kwamba upendo wa yaya kwa mtoto wa watu unaweza kuwa wa kweli kabisa, na ukweli huo ndio unaomfunga. Kisha inafichuka kwamba riwaya iliyompa Majisifu sifa si yake, aliiiba kutoka kwa mswada wa Amani. Mwajiri msomi amekula jasho la kalamu ya mchunga ng'ombe! Wanafunzi wangu hupiga meza wakifika hapo.

Ugomvi wangu ni huu. Mwishowe tunajua kwamba Amani ni wa ukoo ulionyang'anywa ardhi ile ile anayochungia. Ni mrithi aliyepotea. Hadithi zetu nyingi hufanya hivyo, na filamu za Nigeria na mitaani kwetu ndizo zimezidi: hausigeli anageuka kuwa binti wa tajiri, na aliyemtesa anapiga magoti. Tunalia, tunafuta machozi, tunazima runinga, tunamwita Anti atoe vyombo. Kwa nini mtumishi lazima awe na damu ya kifalme ndipo tusikitike alipopigwa? Yule asiye na baba tajiri, ambaye baba yake ni mkulima wa mtama tu huko Tororo, hadithi hiyo haina la kumwambia.

Ndiyo maana nampenda Ugwu wa Chimamanda Ngozi Adichie, katika riwaya yake ya 2006 juu ya vita vya Biafra. Anatoka kijijini hana kitu, anaingia kwa mhadhiri wa hisabati anayempeleka shule na kumpa vitabu. Kama shangazi angeandika riwaya, mwajiri wake angekuwa huyo. Ugwu habadiliki kuwa mwana wa mfalme. Si mwema daima pia, kwani vitani anafanya jambo la kutisha. Lakini tukifika mwisho tunatambua kwamba kile kitabu kilichokuwa kikiandikwa ndani ya riwaya ni chake, mtumishi. Basi malezi ya nyumbani yanaweza kumfikisha mtu huko. Sitaki kulikana hilo, kwa sababu nawajua watu wawili katika ukoo wetu, mmoja sasa ni mkunga, walioanza kwa kuosha sufuria za shangazi. Karo yao aliilipa yeye, na hakuna karatasi iliyomlazimisha.

Turudi Kampala. Novemba 2014 nchi nzima, na dunia baadaye, iliangalia video iliyochukuliwa na kamera ya siri sebuleni. Msichana wa kazi anamlisha mtoto, mtoto anatapika, msichana anampiga na kumkanyaga. Mwezi uliofuata mahakama ilimpa kifungo cha miaka 4. Sitamtetea. Mtoto yule hakuwa na mdomo wa kusema, na mzazi asiyetetemeka akiona picha zile si mzazi. Kinachonivuta kama msomaji ni jinsi jicho lilivyohama. Kwa Oyono mtumishi ndiye aliyeona, bwana akaogopa. Kuanzia 2014 bwana ndiye anayeona. Mtaani kwetu watu walinunua kamera ndogo kama walivyonunua taa za sola, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akaanza kudai kila msichana aandikishwe. Hofu ilikuwa halali. Lakini kamera inarekodi sebule tu. Haikurekodi jikoni saa 11 alfajiri, wala godoro linalokunjwa nyuma ya makochi, wala mkono wa mwenye nyumba usiku. Na tangu siku ile, mtu akisema neno "hausigeli" mbele ya akina mama, ni video ile wanayoiona.

Hoja za mpwa wangu zimesimama juu ya sheria, na kusema kweli sheria ya Uganda ni nzuri kuliko mwenendo wetu. Sheria ya Ajira ya 2006 inatambua hata mkataba wa mdomo. Inaweka saa 48 kwa wiki kama kipimo, na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki, pamoja na likizo yenye malipo. Hausigeli hakutengwa. Wanaotengwa ni jamaa tegemezi: pale ambapo wafanyakazi wote wa shughuli ya familia ni jamaa wasiozidi watano, sheria hiyo haiwagusi. Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka peke yangu. Shangazi hajawahi kufungua kitabu cha sheria, lakini silika yake imemwonyesha mlango wa kutokea. Sema "huyu ni mwanangu" na umekwisha kujiweka kando.

Penye mshahara ndipo palipooza. Kima cha chini kilichowekwa 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Leo pesa hizo haziwezi kununua nusu kilo ya nyama. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya 2019, Rais akakataa kuusaini. Mei 2023 likapitisha marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyowataja wafanyakazi wa nyumbani, nayo yakarudishwa. Mkataba wa kimataifa namba 189 juu ya wafanyakazi hao ulipitishwa Geneva Juni 2011, na miaka 10 baadaye Uganda ilikuwa bado haijauridhia. Hata sheria iliyopo, nani ataisimamia? Sijawahi kumwona ofisa wa kazi akibisha mlango katika mtaa wetu. Ningemwona ningedhani amepotea njia.

Hapo shangazi anapata pumzi tena. Mtaani kwetu mshahara unaotajwa ni kati ya shilingi 100,000 na 200,000 kwa mwezi, pamoja na kula na kulala. Mwajiri si tajiri wa Kololo. Ni mwalimu wa shule ya msingi anayepata kama nusu milioni, au muuguzi kama mke wangu, mwenye zamu za usiku. Sheria hiyo hiyo ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Siku ya 61 mtoto ana miezi mitatu hivi, hajui hata kukaa. Chekechea ya kuaminika iko wapi, na ni bei gani? Serikali imelijibu swali hilo kwa kunyamaza, na ukimya huo unazibwa na msichana wa miaka 17 kutoka kijijini. Ukiamuru leo kwamba kila Anti alipwe kama karani, wengi hawatalipwa kama karani. Watarudishwa kwao na teksi ya jioni. Mpwa wangu husema hiyo ni hoja ya kila mnyonyaji tangu enzi za mashamba. Huenda. Lakini husema hivyo akiwa hana mtoto.

Tena karatasi peke yake haitoshi, na ushahidi tunao. Maelfu ya mabinti wetu wamekwenda Arabuni kufanya kazi za ndani. Hao wana mikataba, iliyopigwa mihuri, yenye lugha mbili. Januari 2016 serikali ilisimamisha kuwapeleka kwa sababu ya vilio vilivyokuwa vikirudi, na mwaka uliofuata ikafungua tena. Chini ya mfumo wa kafala mwajiri ndiye mdhamini, na mara nyingi binti haondoki bila ridhaa yake. Mkataba uko kabatini, pasipoti iko kabatini, ufunguo uko kwa madamu. Kinachokosekana huko ni jirani anayesikia na shangazi wa mtu wa kugonga mlango. Tunawalaani Waarabu kwa kushika pasipoti, na tuna haki. Ila niambie ni nyumba ngapi za Kampala ambamo kitambulisho cha taifa cha Anti kimewekwa kwenye mkoba wa mama mwenye nyumba, "kisipotee."

Kwa hiyo nimesimama wapi? Nimesimama na mpwa wangu, lakini si kwa sababu yake. Yeye anaamini maneno ya udugu ni uongo. Mimi naamini mara nyingi ni ya kweli, na ubaya uko kwingine: majina yote mawili yako mfukoni mwa mwajiri. Saa 5 usiku mtoto akilia, huyu ni ndugu, na ndugu hahesabu saa. Mwisho wa mwezi akiomba chake, ni ndugu pia, na ndugu huvumilia hali ikiwa ngumu. Sukari ikipungua mkebeni, ghafla si ndugu, ni mfanyakazi, na mfanyakazi hupekuliwa mkoba. Yeye mwenyewe hana uwezo wa kuchagua leo aitwe nani. Mtoto wa kuzaa akinuna anabembelezwa. Mfanyakazi akionewa anaacha kazi akadai malipo yake. Anti hana kununa wala kudai. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, unampa jina moja ambalo mwajiri hawezi kulibadilisha kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Udugu ukitaka kuja baadaye, karibu.

Ni rahisi kuandika hivi. Wa kwetu alikuja wakati shule zimefungwa. Zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, na katika muda huo Kampala ilijaa wasichana waliokuja "kusubiri shule." Yeye alikuwa amekwisha timiza miaka 18, nikajifariji kwa hilo. Alikaa nasi miaka miwili kabla sijaenda naye kwa LC kuchukua barua. Mwenyekiti akafungua daftari, akauliza jina. Nikajibu. Akauliza jina la baba. Nikamgeukia yeye. "Mwalimu hajui," akamwambia mwenyekiti, bila lawama, kama mtu anayesema mvua imenyesha, akajitajia mwenyewe: baba, kijiji, kata. Miaka miwili nimekula chakula chake.

Mshahara wake tulikuwa "tunamtunzia." Ndivyo wanavyofanya wengi, tena kwa nia njema, apate kitu cha kwenda nacho Krismasi. Nilipokaa kuandika mkataba nikapiga hesabu za tulichomtunzia, nikaona katikati ya mwaka tulikopa humo mara mbili kulipa karo, na hakuna aliyemuuliza. Tukamrudishia, na sasa hupokea kwa simu. Neno la kumwita nilihangaika nalo usiku mzima. Mtumishi liliniuma. Binti wa nyumbani ni shangazi mtupu. Nikaandika mfanyakazi. Alisoma kimyakimya, kidole kikifuata mistari, akasimama kwenye kifungu cha Jumapili. "Siku hiyo nitakwenda wapi?" Mimi na mke wangu tukatazamana. Mji mzima huu, na mahali pekee alipopajua ni soko, kisima na kwetu.

Jumapili ya kwanza alioga mapema, akavaa gauni la kitenge, akakaa kibarazani kwenye kiti cha wageni. Mtoto akalia ndani, akiita Anti. Hakuinuka, ingawa niliona vidole vyake vimeshika mkono wa kiti. Nikaenda mimi. Kisha nikabandika chai. Nilimpelekea katika kikombe chake, kile cha plastiki ambacho mke wangu alikitia tone la rangi ya kucha chini zamani zile alipokuja, kisichanganyike na vingine, na nilikumbuka nimeshika kipi nilipokuwa nimekwisha kumkabidhi. Alikunywa polepole mpaka mwisho, akakiinamisha, akaangalia chini yake.

"Mwalimu," akasema, "sukari imezidi."